Jina Lililouzwa Pamoja na Viti

Mara ya kwanza kufanya biashara na Daktari Otilia Gastélum, yeye alitaka kunipa kitu bure, nami nikakataa.

Wakati huo nilikuwa nauza tamale, vifurushi vya unga wa mahindi na nyama, hapa Algodones, mji wa Meksiko ulio mpakani, kwenye foleni ya kurudi ng'ambo Marekani. Foleni yenyewe ilikuwa ya wazee wa Kimarekani na Wakanada ambao wameshang'olewa, wameshazibwa na kuvishwa kofia mpya za meno, wamesimama juani na pasipoti mkononi. Kosa langu nililigundua baada ya wiki: mtu mwenye ganzi mdomoni hanunui tamale. Nikahamia barabara wanayoingilia mjini wakiwa bado hawajaguswa, na huko kivuli pekee cha maana kilikuwa cha baraza la Daktari Otilia. Kliniki yake ilikuwa chumba kimoja cha kungojea na viti viwili vya wagonjwa.

Nikamwomba anikodishe baraza.

"Kaa tu, Chayo," alisema. "Kivuli chenyewe sikukinunua."

"Cha bure sikitaki, Daktari. Kesho akija mwingine unayempenda kuliko mimi utamwachia. Nitajie bei."

Akacheka, akajifuta mikono, akatazama dari kana kwamba bei imeandikwa huko. Nikaitaja mwenyewe, nusu ya niliyokuwa nimejiandaa kulipa, naye akakubali hata sijamaliza kusema. Hapo nikamjua. Kung'oa jino alijua, kuziba alijua, meno bandia alitengeneza mpaka mtu anasahau kuwa ni bandia. Kuuza hakujua kabisa.

Alitoka Navojoa, kusini huko Sonora, akaja na mume aliyekuwa akivuka kila alfajiri kwenda kukata saladi mashamba ya Yuma. Msimu mmoja mume hakurudi. Hakufa; alipata nyumba nyingine upande ule, na mpaka leo ukipanda darini kwa Daktari unaliona eneo la maegesho ambapo basi la wakata saladi humshusha. Watoto hawakujaliwa. Alikuwa na dada yake Delfina, aliyebaki Navojoa, wakipigiana simu Krismasi.

Watu wanaotuweka mjini hapa ni wale tunaowaita ndege wa theluji. Wanashuka Novemba na nyumba zao za magurudumu wakikimbia baridi ya kwao, wanaegesha jangwani, na kila mmoja anakuja na jino lake bovu kwa sababu kwao bei ya jino moja ni bei ya gari. Pasaka ikipita wanaondoka. Kuanzia Mei mji unafungwa. Maduka ya dawa yanashusha milango, wapigadebe wanarudi makwao, mchanga unaingia barabarani na hakuna wa kuufagia. Joto letu la Julai sina haja ya kulieleza; mbwa wenyewe hawabweki.

Msimu huo wa kiangazi Daktari alikaa peke yake na midomo yake.

Nasema midomo kwa sababu ndivyo tulivyoiita. Kila mgonjwa aliyepita kwenye kiti chake, alichukua umbo la kinywa chake kwa plasta nyeupe, akaliandika jina chini na kuliweka kwenye rafu. Madaktari wengine huvunja plasta wakishamaliza kazi, maana inajaza nafasi. Yeye hakuvunja hata moja. Na hilo ndilo lililoikuza kliniki, si matangazo. Mzee akivunja meno yake bandia kwenye nyama ngumu huko Alberta, Kanada, alipiga simu, na akifika Novemba alikuta mengine yamekwisha kutengenezwa, anavaa, anakwenda kula. Habari za namna hiyo zinatembea kati ya nyumba za magurudumu haraka kuliko redio. Viti viwili vikawa vitatu, akaajiri daktari msaidizi wa msimu, akanunua chumba cha jirani kwa ajili ya rafu tu.

Nilimkuta siku moja ya Agosti akiifuta vumbi ile midomo, mmoja baada ya mwingine, feni ikimpuliza mgongoni.

"Huyu Bwana Walter," aliniambia akinionyesha taya moja, "hili la nyuma litakuwa limeshaanza kulegea. Novemba atakuja analishika kwa ulimi."

"Daktari, toka nje upate hewa. Unaongea na meno."

"Wao wananijibu kuliko wewe. Wewe kila ukija unataka kununua kitu."

Alisema kweli. Wakati huo nilikuwa nimeshaachana na tamale. Mtu anayekaa barazani miaka anasikia nani anataka kuuza na nani anataka kununua, na akiwa na akili hanyamazi. Nikawa dalali wa kliniki. Nilianza na kiti kimoja cha daktari wa Tijuana aliyekuwa na mkosi wa kamari, nikamaliza nikiuza majengo mazima.

Kilichomfanya Daktari Otilia auze ni kuanguka. Ilikuwa Julai, asubuhi, ndani ya kile chumba cha rafu. Alipanda kigoda, kigoda kikateleza, nyonga ikagonga sakafu. Hakuvunjika ila hakuweza kuinuka. Aliita mpaka sauti ikakauka. Mtaa mzima ulikuwa umefungwa. Muuza maji ndiye aliyemkuta kesho yake, alipoleta madumu na kuona mlango uko wazi.

Nilipokwenda kumwona alikuwa amekaa kitandani, kavaa koti lake jeupe juu ya gauni la kulalia.

"Niuzie, Chayo," alisema.

"Nyonga inapona, Daktari. Msimu ukianza utasahau."

"Sitasahau. Nilikuwa nimelala pale naitazama midomo yote ile, mamia kwa mamia, na hakuna hata mmoja wa kusema neno. Nataka kwenda mahali ambapo nikianguka mtu atasikia. Delfina ana nyumba imejaa watu. Niuzie, ninunue nyumba karibu naye."

Alichotaka kilikuwa hicho tu, na katika maisha yangu ya udalali sijapata kusikia mteja akieleza haja yake kwa uwazi kama ule. Sikubishana.

Mnunuzi nilimtoa Mexicali: Daktari Iván Leyva, kijana wa viatu vinavyong'aa, aliyekuwa na kliniki mbili tayari na akitafuta ya tatu. Tulikaa mezani katika chumba cha rafu kwa sababu ndicho kilichokuwa na feni nzuri. Iván akatembeza macho kwenye ile plasta.

"Hawa wote ni wagonjwa?"

"Wote," nilisema.

"Huyo wa juu amefariki," alisema Daktari Otilia. "Bwana Harold. Moyo."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. "Lakini mkewe anakuja kila mwaka," nikasema.

"Mkewe naye, msimu uliopita. Ni yule pale wa pembeni yake. Niliwaweka pamoja."

"Na rafu hii?" akauliza Iván.

"Hiyo nusu yao. Wengine sina uhakika. Wasipokuja miaka miwili huwa ndiyo hivyo."

Iván akaegemea kiti, akanigeukia. "Bi Chayo, mimi nimekuja kununua kliniki. Huyu mama ananiuzia makaburi."

"Anakuuzia jina, mwanangu," nikamwambia. "Hao marehemu hawakufa kabla ya kuwasimulia majirani zao. Nenda pale kwenye geti la mpaka, simama saa moja, sikiliza wanamuulizia nani. Hawasemi kliniki ya kona. Wanasema Otilia. Hiyo rafu uivunje ukitaka. Jina ndilo linaloingiza watu."

Nilisema hivyo ili bei isianguke, na haikuanguka. Ilipanda. Iván akatazama kile kibao nje kilichoandikwa Daktari Otilia kwa rangi ya buluu iliyokwisha kupauka, na nikaona hesabu inamtembea usoni. Akasema atalipa ninachotaka, kibao kibaki, jina litumike, na Daktari asiguse jino la mtu ndani ya Algodones kwa miaka mitano.

"Jina litumie tu," alisema Daktari. "Navojoa nitalifanyia nini?"

"Litumike kwa malipo," nikasema mimi, na nikaongeza kipengele.

Niliandika kila kitu kwa mkono wangu: viti, taa, mashine za kuchongea, plasta, jengo, na jina kwenye kibao. Iván akamwomba abaki msimu mmoja awatambulishe wagonjwa kwake, kama ilivyo desturi ya wauzaji wote hapa. Akakataa. Alisema hawezi kumuaga mtu mwenye umri wa miaka themanini, maana wote wawili wangejua wanaagana kwa namna gani. Akaondoka Septemba, mji ukiwa bado mtupu. Kwa hiyo hakuna ndege wa theluji hata mmoja aliyejua kuwa ameondoka.

Nyumba aliyonunua Navojoa ilikuwa nzuri, niliona picha. Ilitazamana na ya Delfina. Mwanzoni alinipigia simu akisifu embe, akisifu watoto wa mpwa wake, akisifu kelele. Baadaye akapiga akiwa hana la kusifu.

"Wanakuja?" nilimuuliza.

"Wanakuja. Wanakula, wanatazama tamthilia, wanaondoka. Delfina ana marafiki zake wa kanisani, wanazungumza habari za watu nisiowajua waliokufa nikiwa huko. Wananiita Daktari. Dada yangu mwenyewe ananiita Daktari, Chayo, mbele za watu. Nakaa kwenye kiti cha wageni."

"Lakini ukianguka watasikia."

"Watasikia," alisema, na akakata simu bila kuaga.

Mwaka ukapita na msimu mmoja. Novemba ya pili, siku ile mji unapofanya sherehe ya kuwakaribisha wazee, bendi inapiga, nyama inachomwa barabarani na kila duka linagawa kitu, nikamwona anashuka kwenye basi la Mexicali na kibegi kidogo. Alikuwa amepaka rangi ya midomo. Sikuwahi kumwona na rangi ya midomo.

"Nimekuja kusalimia watu wangu," alisema. "Nitakaa siku tatu. Nitakaa tu pale nje na kuwasalimia. Hilo mkataba haukatazi."

Nilijua kinachoendelea pale kwenye kona, mji mzima ulijua. Nikamwambia aje kwangu kwanza anywe kahawa. Hakutaka. Nikamfuata.

Mtaa wa kliniki ulikuwa umejaa wapigadebe, na mbele kabisa kijana mmoja wa Sinaloa tuliyemwita Dagaa kwa wembamba wake, mgeni wa msimu ule. Alikuwa anawachokoza wazee: "Babu, hayo meno umekuja nayo au umeyaazima? Bibi, cheka nione! Daktari Otilia, mkono mwepesi, Otilia, Otilia!" Akamwona Daktari na kofia yake ya majani, akadhani naye ni mteja.

"Mama, wenyeji tunawapunguzia. Ingia. Daktari Otilia mwenyewe yumo ndani."

"Yumo ndani?" akauliza Daktari.

"Yumo, mama. Sasa hivi ametoka kunywa chai. Mkono wake hata nzi hauhisi."

Daktari akanitazama. Akaingia.

Chumba cha kungojea kilikuwa kimepanuliwa, viti vya ngozi, mtambo wa kupoza hewa. Akakaa kando ya bibi mmoja mrefu wa Saskatchewan, Kanada, Bibi Marjorie, ambaye alikuwa akija tangu mumewe yu hai. Daktari alimfahamu kabla hajakaa. Alimgeukia, akatabasamu, akangoja. Bibi Marjorie naye akatabasamu, kwa adabu, akahamisha mkoba wake kwenye magoti ili ampe nafasi. "Samahani, bibi," akasema kwa Kihispania chake kibovu, kisha akarudia kutazama mlango.

Mlango ukafunguka. Akatoka mwanamke wa makamo, nywele za mvi zimefungwa kisogoni kama za Otilia, koti jeupe, barakoa mpaka chini ya macho. Jina lake hasa Lidia, na Iván ndiye aliyemweka awe Otilia. Alikuwa amefanya kazi mapokezi ya hoteli huko Phoenix miaka kumi na mingapi sijui kabla Wamarekani hawajamrudisha kwao, na Kiingereza chake kilikuwa kinamwagika kama maji. Jino hakuligusa, hilo lilifanywa na madaktari vijana mgonjwa akiwa amelala na miwani myeusi ya kuzuia taa. Yeye alipokea, alishika mkono, alikaa kando akizungumza.

Bibi Marjorie akainuka akamkumbatia. "Otilia! Kiingereza chako kimekuwa kizuri! Kila mwaka kinazidi!"

Kiingereza cha Daktari wangu kilikuwa cha kusema fungua na funga na inauma. Lakini hayo aliyaelewa yote.

Hakufanya fujo. Nilikuwa nimejiandaa kumshika mkono, sikuhitaji. Alikaa mpaka wale wawili walipoingia ndani, akachukua kibegi, akatoka. Dagaa akamwambia, "Umeshamaliza, mama? Nilikwambia mkono mwepesi!"

Kwangu alikaa na kikombe cha kahawa mpaka kikapoa.

"Nilidhani watashangaa," alisema hatimaye. "Nikikaa pale tu, nilidhani mmoja atasema, lakini huyu si ndiye? Marjorie ana jino la dhahabu chini kushoto, niliweka mimi, mumewe alikuwa amekufa mwezi ule na yeye analia mdomo wazi. Nilimfuta machozi kwa pamba. Hajanijua, Chayo. Nilikuwa na barakoa. Miaka yote ile mimi nilikuwa naona vinywa vyao, wao walikuwa wanaona taa."

"Anajua macho yako angalau."

"Hajui. Nimemtazama, akasogeza mkoba." Akasukuma kikombe kando. "Nirudishie. Nauza nyumba ya Navojoa. Mwambie nataka jina langu."

Nikaenda. Iván alinipokea ghorofani, alikokuwa akijenga vyumba vipya, simenti bado mbichi. Viti sita sasa. Akanicheka kwa heshima.

"Bi Chayo, wewe mwenyewe uliniambia jina ndilo linaloingiza watu. Nimeliamini neno lako. Sasa unataka niling'oe?"

"Taja bei."

Akataja. Nyumba ya Navojoa ingeingia yote na bado daktari angebaki na deni mpaka kaburini. Haikuwa bei, ilikuwa njia ya kusema hapana. Nikashuka ngazi polepole, maana dalali hapaswi kushuka haraka, na nikapita kwenye mapokezi. Ukutani juu ya meza ya Lidia kilikuwa kimetundikwa cheti cha udaktari cha Otilia Amparo Gastélum, na picha yake ya ujana isiyofanana na mtu yeyote tena. Alikiacha siku anahama, hakukumbuka kukishusha. Nikapanda tena.

"Na kile cheti?"

"Kipi?"

"Cha mama. Niliandika mkataba mimi, Daktari. Viti, taa, mashine, plasta, jengo, jina kwenye kibao. Cheti hakimo. Cheti cha mtu hakiuzwi, wewe unacho chako unajua. Sasa Lidia ana cha kwake?"

"Lidia hagusi mdomo wa mtu."

"Wagonjwa wanajua hilo? Mkaguzi wa afya akija akauliza huyo aliye kwenye cheti yuko wapi, utamwambia yuko Navojoa anatazama tamthilia?"

Iván akaweka chini kipimio alichokuwa ameshika. Ni mfanyabiashara, hakukasirika. "Anataka nini?"

"Nitakuletea jibu."

Jibu nililokuwa nalo kichwani lilikuwa zuri. Alipwe kila mwaka kwa ajili ya kile cheti, mpaka mwisho wa maisha yake, bila kuinua kidole. Nilimwekea mezani hesabu yake pale kwangu, nikijua sijawahi kumpatia mteja mpango mzuri kama ule. Akausikiliza mpaka mwisho.

"Fedha ninayo," alisema. "Ilikaa na mimi Navojoa mwaka mzima na haikunisalimia hata siku moja. Mwambie nataka asubuhi tatu kwa wiki, kwenye chumba cha mbele, nirekebishe meno bandia yanayobana. Na kabla sijavaa barakoa nimsalimie mtu uso mtupu."

"Unarudi kuwa kibarua mahali ulipokuwa mwenye mali?"

"Ndiyo."

"Daktari, kwa hiki cheti tunaweza kumkamua."

"Mkamue kwa lako, Chayo. Kwa langu mwombe asubuhi tatu."

Iván alikubali asubuhi tatu kwa haraka iliyoniuma, maana ilikuwa rahisi mno. Akafuta kile kifungu cha kutogusa jino. Akaweka sharti moja tu: asitumie jina la Otilia. "Otilia wawili hawakai kliniki moja," alisema. "Wazee watachanganyikiwa." Cheti kingekaa kabatini, Lidia angeendelea, na mama angekuwa mtu mwingine.

Nilidhani hapo atakataa. Alifikiri muda wa kukunja kitambaa cha meza mara nne.

"Nina jina la pili," alisema.

Hivyo ndivyo alivyoanza upya akiwa na miaka sitini na mitatu, Daktari Amparo, mpya mjini, wa kurekebisha yanayobana. Wapigadebe hawakumtangaza. Wazee walipoletwa chumba cha mbele walimtazama kama wanavyomtazama fundi wa viatu, wakakaa, yeye akasema jina lake kwa uso mtupu, akavaa barakoa, akashika kazi. Wiki za kwanza hakuna aliyerudi kumwuliza hali. Alikula yai na nyama kavu peke yake mchana, mlangoni, akiwasikia wengine wakicheka na Lidia nyuma ya ukuta.

Bibi Marjorie alipelekwa kwake Februari, daraja lake la meno bandia ya juu likimchubua fizi. Kazi ilipokwisha aliinuka, akakaa tena kwenye kiti, hakuondoka. Akamwambia mkono wake ni mwepesi, unamkumbusha Otilia wa zamani, kabla hajawa mtu wa maneno mengi. Kisha akamwuliza alikozaliwa, na kama ana watoto, na mumewe yuko wapi. Maswali hayo, Daktari aliniambia, katika miaka yote hakuna mgonjwa aliyewahi kumwuliza. Walikuwa na mikono yake mdomoni. Akamjibu kwa Kiingereza chake cha fungua na funga. Walichukua asubuhi nzima.

"Ukamwambia?" nilimuuliza.

"Nimwambie nini? Kwamba alikuwa anamkumbatia mtu mwingine? Iván atanitoa, na yeye ataona haya hatarudi. Mwache."

Pasaka wazee wakaondoka. Iván akamaliza ghorofa yake, viti kumi, na jina kwenye kibao kipya chenye taa. Alichopoteza ni asubuhi tatu za chumba kimoja. Mimi nilipata udalali mara mbili kwa kliniki ile ile, na sasa nina mpangaji chumba cha uani, Daktari mwenyewe, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikataa bei niliyotaja, akaibishia, akaishusha. Malipo ya cheti, ambayo yangekuwa mkataba bora kuliko yote niliyowahi kuandika, sikuyapata.

Ni Julai sasa. Mtaa umefungwa. Nyumba ya Navojoa amempa Delfina aikodishe. Jumapili simu inalia uani, na mtu wa Saskatchewan anamwulizia Amparo. Haizidi mara moja kwa wiki, na wiki nyingine hailii. Siku zilizobaki anakaa kwenye ngazi na miguu ndani ya beseni la maji, hana plasta ya kufuta vumbi, na akipita mtu, ambaye mara nyingi ni mimi, ananiuliza kwa utani kama nimesikia habari za Otilia.